Dodoso lako lina maswali 48 kwa hesabu yako, kwa hesabu ya kidole ni 102

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Habari kaka. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza, nasoma masters, utafiti wangu unahusu walimu na mikopo. Nimetengeneza dodoso Google Forms, maswali 48, nikalitupia kwenye magrupu ya WhatsApp ya walimu, ukijumlisha yana watu kama 900. Wiki mbili sasa nina majibu 38. Wengi wananiambia walianza wakaishia njiani. Msimamizi wangu hataki nipunguze swali hata moja. Nifanyeje watu wamalize?"

Salama dada, na umefanya la maana kunitumia linki yenyewe pamoja na ile spredishiti ya majibu, maana bila kuviona ningekujibu ya vitabuni. Nimelifungua dodoso kwenye simu, sio kwenye laptop, nikalijaza lote mpaka mwisho kama vile mimi ndo mwalimu mwenye mkopo, na nakwambia ukweli hao 38 waliomaliza ni watu wanaokupenda sana.

Kwanza tuelewane kwenye hesabu. Sita kati ya maswali yako 48 ni yale majedwali ya "Nakubaliana kabisa" mpaka "Sikubaliani kabisa", na kila jedwali lina mistari 10. Mwalimu anayejaza hahesabu majedwali, anahesabu mara anazobonyeza, kwa hiyo ni 42 jumlisha 60, yaani 102. Tuseme kila bonyezo linakula sekunde 8 tu, tayari uko kwenye dakika karibu 14, na hapo nimehesabu yale maswali yako saba ya "eleza kwa kirefu" kana kwamba na yenyewe ni ya kubonyeza, wakati mtu anayaandika kwa dole gumba huku kengele ya kipindi inagonga. Ukiyaweka kwa muda wake halisi unavuka dakika 20 kirahisi. Sasa kwenye meseji ya WhatsApp umeandika "dakika 5 tu walimu wangu". Mtu akifika dakika ya tano akajikuta bado yuko seksheni ya pili anaona ametapeliwa, anafunga, na hata ukimkumbusha wiki ijayo harudi.

Kuhusu urefu wenyewe kuna jaribio zuri la watafiti Galesic na Bosnjak lililochapishwa 2009. Waliwaambia watu wengine dodoso ni la dakika 10, wengine 20, wengine 30, na kadri muda uliotajwa ulivyokuwa mrefu ndivyo walioanza walivyopungua na waliomaliza vilevile. Hilo hata mama ntilie angekwambia bure. Lililonivutia mimi ni la pili, walikuwa wanahamisha maswali, yaleyale mara yawe mwanzoni mara yawe mwishoni, na yakikaa mwishoni watu waliyajibu haraka haraka, majibu ya kuandika yakawa mafupi, na kwenye majedwali tiki zikaanza kufanana fanana.

Kwa hiyo usihangaike na kumaliza peke yake. Aliyekimbia njiani amekuachia pengo na pengo unaliona. Aliyevumilia kwa kutiki 3, 3, 3, 3 mpaka chini amekuachia kitu ambacho SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, itakipokea vizuri tu, itakupa wastani, itakupa na zile nyota za uthibitisho, na wewe utaandika Sura ya Nne yote ya matokeo juu ya kidole cha mtu aliyekuwa anaskroli. Fungua spredishiti yako uangalie mstari wa 9, wa 17 na wa 22. Wote watatu, jedwali la nne, "Sina uhakika" mara kumi, na ndani ya hizo kumi kuna "Huwa nalipa madeni yangu kwa wakati" na chini yake kidogo "Huwa nachelewa kulipa madeni yangu". Mtafiti Jon Krosnick aliieleza tabia hii mwaka 1991, kwamba mtu akichoka anaacha kutafuta jibu lake la kweli anatoa la kumtosha tu, bora liende. Kwa hiyo katika 38 zako watatu nawatoa hapo hapo, na kuna wengine wawili nina mashaka nao.

Sasa hao waliokimbia wamekimbilia wapi, yaani swali gani liliwashinda? Hujui, na kwa Google Forms huwezi kujua. Ile fomu inahifadhi jibu la aliyebonyeza Tuma tu, aliyejaza maswali 90 akaacha 12 kwako ni sawa na ambaye hakufungua kabisa. Haikuonyeshi pia mtu ametumia muda gani, unaona tu saa aliyotuma. Kama una mtu wa kukusaidia kuweka LimeSurvey, programu nyingine ya madodoso, yenyewe inatunza majibu ukurasa kwa ukurasa kadri mtu anavyosonga, hivyo ukikuta watu kibao wameishia ukurasa wa 4 unajua pa kwenda. Kama huna mtu wala hela ya seva usijali, kuna njia ya bure na kusema kweli ni bora kuliko zote. Tafuta walimu watatu ambao sio marafiki zako wa karibu, mmoja awe na simu ya kawaida yenye skrini ndogo, kaa pembeni yake ajaze kwa simu yake na bando lake, wewe nyamaza kimya. Usimsaidie. Mwombe tu awe anasema kwa sauti anachofikiria. Andika kila anaporudi juu kusoma tena, kila anapocheka, kila anapouliza "hapa wanataka nini?", kila anapovuta pumzi.

Nakuonyesha sehemu moja ambayo nina hakika wote watatu watakwama maana na mimi nimekwama. Swali lako la 11: "Taja kipato cha kaya yako kwa mwaka (TZS)." Mwalimu wa sekondari hana hiyo namba kichwani. Ana mshahara anaoujua kwa mwezi, tena anachokijua vizuri ni kinachoingia mkononi baada ya makato, af kuna kuku wa mama watoto, kuna tuisheni, kuna shamba la mpunga lililoliwa na maji mwaka jana. Hapo anatoa kikokotoo, au anaandika 0, au anafunga. Na wewe kwa utafiti wako unataka kujua nini hasa? Unataka kujua makato yamembana kiasi gani. Basi kila mtumishi wa umma Tanzania anaijua hesabu ya theluthi moja, kwamba makato yasile mshahara mpaka ukabaki chini ya theluthi. Uliza hivi: "Mwezi uliopita baada ya makato yote, mshahara uliobaki ulikuwa zaidi ya theluthi moja, theluthi moja hivi, au chini ya theluthi moja?" Sekunde tano kamaliza, hajataja shilingi yoyote, na umepata kipimo kizuri kuliko kipato cha kaya cha kubuni.

Twende kwa msimamizi wako sasa, maana hapo ndo kwenye kazi. Usiende kumwambia "maswali ni mengi prof", atakwambia wenzako wameuliza 120. Nenda na karatasi. Chora majedwali yote ya Sura ya Nne yakiwa matupu, vichwa vya safu tu bila namba, jedwali la lengo la kwanza, la lengo la pili, la tatu. Halafu chukua dodoso, kila swali liandikie linaingia jedwali namba ngapi. Swali lisilo na jedwali lizungushie duara. Nimekufanyia ya haraka haraka kwa kuangalia malengo yako matatu na nimezungushia 19, yakiwemo dini, kabila, idadi ya wategemezi (unaiuliza mara mbili, swali la 7 na la 39, kwa maneno tofauti), masomo unayofundisha, na jedwali zima la tano la kuridhika na uongozi wa shule, ambalo linaonekana kabisa limehamishwa kutoka dodoso la mtu mwingine. Mwonyeshe hayo maduara umuulize "hili tuliweke kwenye jedwali lipi?" Wasimamizi wengi wanaogopa swali kukosekana wakati wa kutetea, wakiona jedwali lipo wanatulia. Na kama lipo jedwali litabaki, hakuna ubishi.

Dini na kabila nakusisitizia toa hata kama atabisha kidogo. Mtu anajibu mambo ya madeni yake, ghafla anaulizwa kabila, anaanza kujiuliza hii fomu inakwenda wapi. Na kuna hatari nyingine hujaiona. Umeuliza jina la shule, jinsia, umri, na masomo anayofundisha. Shule yenye mwalimu mmoja wa kike wa Fizikia, hayo manne yakikaa pamoja umeshamtaja kwa jina, na hapo chini yake kaandika anadaiwa na nani. Jina la shule toa, acha halmashauri peke yake, umri weka makundi. Hili ni jambo la sheria vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na mwanafunzi wa masters haijamruka.

Na hapa hapa, dada, kuna jambo limenishtua. Juu ya fomu umeandika "majibu yako ni siri, hatukusanyi utambulisho wowote". Nikashuka mstari mmoja nikakuta fomu inataka imeili yangu. Umewasha setingi ya kukusanya imeili, na umewasha na ile ya jibu moja kwa kila mtu ambayo inamlazimisha mtu aingie kwenye akaunti yake ya Google kwanza. Nina hakika kabisa sehemu kubwa ya hao 900 wameishia hapo hapo kabla hata ya swali la kwanza. Wengine nywila ya Gmail aliweka fundi siku aliyonunua simu. Zima zote mbili. Utapoteza kinga ya mtu kujaza mara mbili, ni kweli, lakini nani atajaza maswali 60 ya madeni mara mbili kwa raha zake? Hasara nyingine ni kwamba asiyeingia kwenye akaunti hatunziwi alipofikia, bando likikata au akifunga fomu anaanza upya, na hiyo ni sababu nyingine ya kuifanya iwe fupi mtu aimalize kwa mkao mmoja.

Majedwali ya kutiki. Kwenye kompyuta yanapendeza, kwenye simu ni balaa. Lile jedwali lako safu ya "Sikubaliani kabisa" imetokea nje ya skrini kulia, inabidi nivute kwa kidole kuiona, nikivuta sioni tena swali lenyewe limesema nini. Mtu hatafanya hivyo mara 60. Vunja. Kila mstari uwe swali lake peke yake na majibu yashuke chini, utaona dodoso limerefuka kwa macho lakini linajazika haraka na tiki za mkumbo zinapungua. Ila angalizo, jedwali la pili umesema ni skeli iliyothibitishwa ya msongo wa mawazo, hiyo maneno yake usiguse, usipunguze mstari, usibadilishe majibu, maana ukikata mistari mitatu huwezi tena kulinganisha na tafiti zilizoitumia. Igawe tu kwenye skrini, basi. Hayo mengine uliyoyatunga mwenyewe una uhuru nayo, na nakushauri uyatunge upya.

Mfano huu hapa, mstari wa 6 jedwali la tatu: "Mikopo umiza imeathiri utendaji wangu wa kazi na mahusiano yangu ya kifamilia." Nikikubali, nimekubali kipi? Kazi yangu iko sawa ila mke kanuna, nitiki wapi? Halafu neno "imeathiri" kila mtu ana kipimo chake, na watu wengi ukiwapa sentensi ya kukubali au kukataa wanapenda kukubali tu, heshima, yasiwe mengi. Gawa liwe mawili na uulize tukio. "Mwezi uliopita, kuna kipindi ulishindwa kuingia darasani kwa sababu ya kushughulikia deni?" Majibu: hapana, kimoja, viwili mpaka vitatu, vinne na zaidi. Hili la pili: "Mwezi uliopita, deni lilileta ugomvi nyumbani?" Majibu: hapana, mara moja, zaidi ya mara moja, sipendi kusema. Soma hayo mawili kwa sauti halafu soma la kwanza.

Hapo hapo kwenye maneno. Dodoso umeliandika kwa Kiingereza halafu ukatafsiri, inaonekana, maana swali la 20 linasema "taasisi rasmi ya kifedha isiyopokea amana". Hakuna mwalimu anayepaita hivyo anapokopa. Anakopa benki mkopo unaokatwa kwenye mshahara, anakopa SACCOS, kikoba, Songesha, apu ya kwenye simu, kampuni ya mikopo ya mjini, au mtu binafsi anayemwachia kadi ya benki na namba ya siri. Hayo ndo yawe machaguo, kwa maneno hayo hayo. Madaraja ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 utayapanga wewe mwenyewe wakati wa uchambuzi, kikoba unakipeleka daraja la nne, SACCOS la tatu, na kadhalika, sio kazi ya mhojiwa. Na "kausha damu", jina la mtaani la mikopo umiza, liandike kama lilivyo, watu wakiliona wanajua wewe ni mwenzao.

Mwelekeo wa maswali. Umemuuliza mwanzoni "Je, umewahi kukopa ndani ya miezi 12 iliyopita?" nikajibu Hapana kukujaribu, ukanipitisha kwenye maswali 23 ya mkopo kila moja nikitiki "Haihusiki". Huyo ndo mtu ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kukukimbia! Google Forms ina uwezo wa kumpeleka mtu seksheni tofauti kulingana na jibu lake, tumia, asiyekopa aende moja kwa moja kwenye yale machache ya kwake amalize kwa dakika tatu.

Ukishapunguza na kurekebisha bado utabaki na kama 65, na msimamizi hatakubali chini ya hapo, sawa. Hapa ndo nakupa kitu ambacho wengi hawakifanyi huku kwetu na sijui kwanini. Sio lazima kila mtu ajibu kila swali. Chagua maswali 30 ya msingi ambayo kila mtu atajibu, kisha hayo 35 yagawe mafungu matatu, A, B, C, kila mtu apate la kwake moja. Mwalimu anajibu kama 42, wewe unapata data za yote 65. Huu sio ujanja wa mtaani, Raghunathan na Grizzle waliandika namna ya kuuchambua mwaka 1995, na wewe mwalimu utakuwa umesikia PISA, ule mtihani wa kimataifa wa wanafunzi unaoandaliwa na OECD, kule wanafunzi hawafanyi wote maswali yaleyale, kila mmoja anapata sehemu tu ya mtihani na picha nzima inajengwa kwa kuwaunganisha. Mwambie msimamizi hivyo hivyo.

Kwenye Google Forms hakuna batani ya kugawa kwa bahati nasibu, lakini unaitengeneza hivi. Weka swali: "Ulizaliwa tarehe ngapi ya mwezi?" Majibu: 1 mpaka 10, 11 mpaka 20, 21 mpaka 31. La kwanza linakwenda seksheni A, la pili B, la tatu C. Usisahau chini ya kila seksheni kuiambia fomu iende wapi baada ya hapo, bila hivyo wa A akimaliza anaingizwa B na C zote na utakuwa umerudi kulekule. Gharama yake uijue mapema, kila fungu litakuwa na theluthi ya watu tu, na huwezi kuangalia uhusiano wa swali la A na swali la B kwa kuwa hakuna mtu aliyejibu yote mawili. Kwa hiyo madeni, theluthi ya mshahara, na ile skeli ya msongo, ambavyo ndo moyo wa utafiti wako, vyote viingie kwenye msingi. Hesabu idadi ya watu unaohitaji kwa fungu moja, sio kwa jumla.

Mpangilio. Usianze na "Taarifa binafsi". Najua template ya chuo inaanza hivyo, lakini mtu amekuja kwa sababu ulimwambia unataka kujua hali ya walimu, anakuta jinsia, umri, ndoa, elimu, anaona ni mafomu ya ajira. Anza na swali jepesi linalogusa mada, mfano ni wapi walimu wa shuleni kwake wanapenda kukopa, hapo anaongelea wenzake na hajajianika. Yake mwenyewe yaje katikati akishazoea, umri na jinsia mwisho. Maswali saba ya kuandika yabaki mawili, moja liwe la mwisho kabisa na la hiari. Halafu ondoa ile nyota nyekundu ya lazima kwenye kila swali, iache kwenye machache ya kuelekeza njia tu. Swali la kiasi cha deni ukilifanya la lazima mtu anakuandikia 1234 apite, nimeiona kwenye mstari wa 31.

Ule mstari wa kwenye fomu unaoonyesha umefika wapi, watu wanauamini kuliko unavyostahili. Villar, Callegaro na Yang walikusanya majaribio mengi wakayachambua pamoja mwaka 2013, ukitembea sawasawa haukupunguza sana watu kuacha, ukianza taratibu ulikuwa unawakatisha tamaa wakaacha zaidi, na ukianza kwa kasi waliacha wachache. Wa Google unahesabu seksheni, sio maswali. Seksheni yako ya kwanza ina maswali 14, mtu anajaza mpaka anachoka, anapeleka mbele, anakuta ukurasa wa 2 kati ya 7. Ikate hiyo seksheni ya kwanza iwe na maswali manne.

Meseji ya kualika watu nakuandikia, utarekebisha mwenyewe: "Habari walimu. Naitwa (jina lako), mwalimu mwenzenu na mwanafunzi wa masters chuo fulani. Nafanya utafiti kuhusu mikopo na maisha ya walimu. Fomu inachukua dakika 10 mpaka 12, nimepima na walimu wa hapa Mwanza. Siulizi jina, shule, check namba wala namba ya simu. Swali usilolipenda ruka. Kibali cha Mkurugenzi na namba ya msimamizi wangu viko ukurasa wa kwanza. Nikimaliza nitarudisha matokeo humu humu kwenye grupu." Hizo dakika zibadilishe ukishapima kweli. Linki tumia ile fupi ya Google yenyewe, hizi za kampuni nyingine za kufupisha zinafanana na za matapeli wa mikopo, na kwa mada yako hutaki mtu afikirie hilo. Tuma jioni baada ya chakula, sio saa nne asubuhi. Kumbusha siku ya tatu, halafu wiki moja baadaye, kwa maneno tofauti, basi. Na usimpe mkuu wa shule akutumie! Atakujazia watu, lakini nani atamwandikia bosi wake kwamba anakosa vipindi kwa sababu ya kausha damu?

Kuhusu kuwapa bando au vocha, utafiti mwingi wa wenzetu unaonyesha kazawadi kadogo kanakotangulia kanafanya kazi kuliko ahadi ya kubwa baadaye, ila wewe huwezi kutanguliza kwa watu usiowajua kwenye grupu, na ukiomba namba za kutumia vocha umevunja ile ahadi ya siri. Kama una bajeti, tengeneza fomu ya pili ya namba za simu peke yake, isiunganishwe na ya majibu, linki yake itokee baada ya kubonyeza Tuma. Kama huna bajeti achana nalo, ahadi ya kurudisha matokeo ukiitimiza inatosha.

Hata ukipata 300 bado kuna swali moja utaulizwa siku ya kutetea na uwe nalo tayari. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza watu watamchagua nani kuwa rais, Landon au Roosevelt, zikarudi kama milioni 2.4, likatangaza Landon anashinda. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Orodha yao ilikuwa na kasoro na waliorudisha kadi hawakufanana na waliokaa kimya. Kwako wewe anayekaa kimya huenda ndo yule mwenye madeni mpaka shingoni, anayeona mada tu anaskroli. Kwa hiyo nenda kwenye shule mbili tatu, wajazishe kwa karatasi walimu wote waliopo siku hiyo, wakunje watumbukize kwenye boksi, halafu linganisha na wa mtandaoni kwenye lile swali la theluthi. Zikipishana sana unasema hivyo kwenye ripoti.

Hizo 38 ulizonazo usizichanganye na mpya, maswali yatakuwa yamebadilika. Ziandike kama majaribio ya awali kwenye Sura ya Tatu, useme zilikuonyesha nini na umerekebisha nini. Fomu ya zamani ifunge leo isipokee majibu, maana linki bado inazunguka na nimeona jana kuna mtu kaongezeka.